Stoo Moja, Ufunguo Mmoja

Inspekta Ilwad Alio hakumwamini mtu anayemimina chai kabla ya kuulizwa swali. Mkurugenzi Keynan alikuwa ameshamimina vikombe vitatu: cha Ilwad, cha Konstebo Mutinda, na chake mwenyewe ambacho hakukigusa.

“Kesi yenyewe nyepesi, Inspekta,” alisema Keynan. “Stoo moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja mwenye ufunguo. Hiyo ndiyo faida ya kuunganisha huduma. Zamani ungezunguka ofisi tatu ukitafuta wa kuulizwa. Leo yuko mmoja tu, na mmeshamshika.”

“Tumemshika,” Ilwad alikubali. “Ndiyo maana nimekuja kuuliza kwa nini.”

Miezi saba nyuma, serikali ya kaunti ilikuwa imefunga ofisi tatu za mashinani na kuzikusanya zote hapa Geedweyne, katika jengo jipya lenye bati la buluu. Mifugo, maji, vibali vya biashara, basari za wanafunzi, vyote chini ya paa moja. Walinzi watatu wakawa mmoja. Friji tatu za chanjo zikawa moja. Hotuba zilikuwa nyingi siku ya ufunguzi, na Keynan alikuwa bado anaishi ndani ya hotuba yake.

Kisha mbuzi wakaanza kufa. Mbuzi elfu moja na mia tatu wa wadi tatu, wote waliokuwa wamechanjwa dhidi ya sotoka ya mbuzi wiki mbili tu kabla. Maabara ikasema chanjo yenyewe ilikuwa maiti: iliungua kwa joto ndani ya friji. Ndani ya friji hiyo kulikuwa na kidude cheupe, kidogo kama kiberiti, kinachorekodi joto usiku na mchana. Kilipofunguliwa kikasema kila kitu isipokuwa jina. Alhamisi moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, joto liliruka ghafla mpaka nyuzi thelathini na saba. Halikushuka mpaka saa sita na dakika tano. Mtu alifungua mfuniko, akauacha wazi karibu saa tatu nzima, akaufunga, akaenda zake.

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Nasteha, binti wa miaka ishirini na sita. Sasa Nasteha alikuwa rumande Garissa, na Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kuharibu mali ya umma. Leo ilikuwa Jumamosi. Mama yake alikuwa amefukuzwa kisimani na wafugaji waliosema mbuzi wake, wale wachache waliobaki, hawatakunywa ilhali mbuzi wa watu wameuawa na mwanawe. Ilwad alimkuta mama huyo njiani akirudi na madumu matupu.

“Nipe kitabu cha wageni,” alisema.

Keynan alikileta. Ilwad alifungua mpaka wiki ile. Jumatano ilikuwepo. Ijumaa ilikuwepo. Kati ya siku hizo kulikuwa na ukingo wa karatasi iliyochanwa.

“Labda watoto,” alisema Keynan.

“Watoto gani wanaochana Alhamisi peke yake?”

Mkurugenzi alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Mutinda aliandika jambo kwenye daftari, taratibu, jinsi alivyofundishwa: mtu akinyamaza, mwache aisikie kalamu. Dakika moja haikupita. Keynan alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Yalikuwa maoni ya mgeni, ofisa aliyetumwa kuja kuona mfano mwema wa kubana matumizi. Ameingia saa tatu kamili, ametoka saa tano na nusu. Chini ameandika: “Nimekaa foleni saa mbili na nusu. Dirisha moja, binti mmoja, watu zaidi ya sitini. Huu si ufanisi.”

“Nilikuwa nimesafiri kwenda mkutanoni,” Keynan alijitetea. “Hakujulisha kwamba anakuja. Ningeiacha pale, kila mtu angeisoma.”

“Binti mmoja dirishani. Nani huyo?”

“Nasteha. Alhamisi ni siku ya fomu za basari.”

“Kwa hiyo mwenye kutunza chanjo ndiye mwenye kupokea fomu za basari.”

“Na daftari la malalamiko ya maji,” alisema Keynan, kwa sauti iliyokuwa imeanza kupungua. “Tumeunganisha majukumu.”

Ilwad alihisi hasira ikimpanda. Karatasi inayomtetea msichana wa watu ilikuwa imelala wiki tatu ndani ya droo kwa sababu bosi aliona haya. “Ulijua alikuwa dirishani, na ukaniambia kesi nyepesi?”

“Kutoka dirishani mpaka stoo ni hatua arobaini, Inspekta. Kufungua mfuniko ni dakika moja, kuufunga dakika moja. Na ufunguo ni wake.”

Hapo hakukosea, na wakili wa serikali angesema hivyo hivyo. Mficha uchi hazai, lakini aibu si kosa la jinai. Halafu Keynan angefaidika nini kwa kuuvunja mradi wake mwenyewe? Ilwad aliacha chai ikiganda utando juu, akatoka.

* * *

Mlinzi wa kituo aliitwa Deeq, mzee mrefu mwenye kitambaa begani. Ilwad alimsalimu kwa Kisomali, kisha akamwomba radhi.

“Adeer,” alimwita kwa heshima kama ami yake, “tuongee Kiswahili. Huyu Mutinda ndiye anaandika, naye ni mtu wa Kitui.”

“Hakuna shida. Kiswahili yangu ni ya barabara, lakini inafika,” alisema, p zake nyingi zikitoka kama b.

“Alhamisi ile ulikuwa wapi?”

“Kwa lori ya maji. Mimi mlinzi, mimi dereva ya maji. Kazi mbili, mtu moja. Asubuhi nabeleka maji shule, nikirudi saa nane naanza kulinda.”

“Kwa hiyo asubuhi hakuna mtu anayelinda?”

“Asubuhi inalindwa na Mungu,” alisema Deeq bila kutabasamu.

Stoo ilikuwa nyuma ya jengo, chumba cha mawe chenye mlango mmoja wa chuma. Hakikuonekana kutoka dirisha la mbele. Ilwad alipima hatua. Zilikuwa arobaini na mbili. Mlango haukuwa na alama ya kupigwa wala kuchokolewa. Kufuli lilikuwa zito, la zamani, na lilikuwa na mstari wa rangi ya kijani tumboni. Alitazama makufuli ya milango mingine. Yote yalikuwa mapya, yakimeta, hayana rangi.

“Hili limetoka wapi?”

“Hiyo ilikuja na friji,” alisema Deeq. “Mimi ndiye nilileta kwa lori kutoka Dabarey, bale ofisi ilifungwa. Friji, mizani, kufuli, yote bamoja. Kadar alikuwa anatia kijani kila kitu ya Dabarey ndiyo watu wasiibe.”

“Kadar yupi?”

“Ofisa wa mifugo. Ustadh Kadar. Alikuwa mkubwa wa Dabarey, sasa ni mdogo wa hapa.”

Mutinda aliacha kuandika. Ilwad alitoa orodha ya makabidhiano kwenye faili. Friji moja. Mizani mbili. Kufuli moja, ufunguo mmoja.

“Adeer, kufuli likinunuliwa dukani huwa na funguo ngapi?”

“Hata mtoto anajua hiyo. Mbili. Tatu kama mwenye duka ni muungwana.”

Walirudi kwenye gari. Mutinda alikuwa wa kwanza kusema. “Madam, Kadar tulimhoji juzi. Hakuwepo. Alitumwa Modogashe kuhesabu mifugo, siku kumi, Jumamosi hadi Jumatatu ya pili. Kitabu cha nyumba ya wageni kina sahihi yake siku zote kumi.”

“Sahihi zote za kalamu moja?”

Mutinda alitafuta picha kwenye simu. “Kalamu moja. Lakini hata mimi nina kalamu moja.”

“Twende Modogashe,” alisema Ilwad.

* * *

Ilikuwa kilomita mia moja na kumi za vumbi, na gari la polisi halikuwa na haraka. Mwenye nyumba ya wageni hakuwa na msaada. Kadar alilipa siku kumi, alichukua ufunguo, alirudisha ufunguo. Kati ya hapo, yeye hakuwa mke wake.

Walibaki na gereji. Ilikuwa kwenye makutano ya barabara, mahali malori ya Isiolo, Wajir na Garissa yanapokutana na kuharibikiwa. Mwenye gereji, Abdille, alitoka chini ya lori akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

“Ustadh Kadar? Namjua sana. Wiki ile alikuwa hapa kila siku.”

“Kila siku, una hakika?”

“Wallahi. Nyumba ya wageni ni hii nyuma. Alasiri sisi hatuwahi msikiti, kazi ni mingi. Tunaswali hapa.” Alionyesha uwanja mdogo uliozungushiwa mawe, na mikeka iliyokunjwa pembeni. “Yeye ndiye alikuwa anatusalisha. Sauti yake nzuri, mtu ya dini.”

Mutinda alimtazama bosi wake kwa jicho la pole. Mshukiwa alikuwa anaponyoka mbele ya macho yao.

“Alhamisi pia?” Ilwad aliuliza. “Ile ya wiki hiyo?”

“Alhamisi pia. Nakumbuka hiyo siku, lori ya Elwak ilivunjika ekseli, madereva wawili walikuwa hapa, risiti ninayo. Yeye alikuja Alasiri ikiwa imeshaadhiniwa. Kanzu yote vumbi. Nikamwambia, Ustadh, karibu mbele. Akaswalisha.”

“Kama kawaida?”

“Kama kawaida.” Abdille alifuta mikono kwa kitambaa, akatabasamu kwa kumbukumbu njema. “Isipokuwa siku hiyo aliswali rakaa mbili. Akatoa salamu, akageuka, akasema, kamilisheni sala zenu, mimi ni msafiri. Sisi watu wa hapa tukasimama, tukaongeza mbili. Mtu mwingine angesahau kusema. Yeye hasahau sheria.”

Ilwad hakusogea. “Na siku za kabla? Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano?”

“Nne. Kila siku rakaa nne. Kuanzia hiyo Alhamisi ndiyo zikawa mbili mpaka akaondoka.”

“Hukumwuliza kwa nini Alhamisi ziwe mbili?”

Abdille alionekana kushangaa kwamba mwanamke wa Kisomali anaweza kuuliza swali kama hilo. “Abaayo, dada yangu, mtu haulizi imamu safari yake. Hiyo ni yeye na Mola wake.”

Ilwad aliiomba risiti ya ekseli, akaipiga picha, akachukua namba za madereva wawili. Wa kwanza alipokea akiwa njiani kwenda Hadado. Alisema hivyo hivyo: rakaa mbili, kisha yale maneno. Yeye mwenyewe alikuwa msafiri, kwa hiyo alitoa salamu pamoja na imamu, akamshukuru kimoyomoyo.

Ndani ya gari Mutinda aliweka daftari juu ya usukani. “Madam, hapo mmeniacha. Yuko Modogashe, ameswali Modogashe, mashahidi wapo. Mbona unatabasamu?”

“Siku ile aliingia Modogashe upya. Sikiliza. Adhuhuri, Alasiri na Isha zina rakaa nne. Msafiri anaruhusiwa kuswali mbili. Lakini ukifika mahali ukanuia kukaa siku nne au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, wewe si msafiri tena, unaswali zote. Kadar alifika na nia ya siku kumi. Akaswali nne. Jumapili nne, Jumatatu nne, Jumanne nne, Jumatano nne. Alhamisi mbili. Kwa nini?”

Mutinda alifikiri. “Kwa sababu safari ilianza tena.”

“Ilianza tena. Alirudi nyumbani Geedweyne, safari ya kwanza ikaisha. Akatoka tena siku hiyo hiyo kurudi hapa, na sasa zimebaki siku tatu tu kabla ya ile ya kuondoka. Msafiri mpya. Angeweza kuswali nne asitambulike na mtu. Hakufikiria. Mwili ulifanya ulichozoea.”

“Saa sita na dakika tano anafunga mfuniko,” alisema Mutinda, akihesabu kwa vidole. “Ana pikipiki ya kazi, kilomita mia moja na kumi. Alasiri iko kabla ya saa kumi. Anafika.” Kisha akakunja uso. “Lakini madam, hakimu hatamfunga mtu kwa rakaa mbili.”

“Hakimu hapana,” alisema Ilwad. “Washa gari.”

* * *

Jumapili asubuhi Kadar aliwakaribisha katika chumba alichogawana na watu wa maji na wa vibali. Meza tatu, kiti kimoja kizima. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kofia nyeupe, kucha safi. Hakumimina chai. Ilwad alimwonea heshima kwa hilo.

“Ustadh, nirudilie maelezo yako, tafadhali. Mutinda anapenda kuhakikisha.”

“Niliondoka hapa Jumamosi alfajiri. Nimekaa Modogashe siku kumi, nimehesabu mifugo, nimerudi.”

“Hukutoka Modogashe hata mara moja?”

“Hata mara moja.”

“Ulinuia siku kumi tangu mwanzo?”

“Tangu mwanzo. Barua ya kazi ndiyo hiyo kwenye faili lako.”

“Kwa hiyo uliswali kamili.”

Kadar aliinua macho. Hakuwa ametarajia swali hilo, lakini lilikuwa swali rahisi kwake, na jibu lake lilikuwa sahihi. “Bila shaka. Mwenye kunuia siku nne huswali kamili.”

“Na Alasiri ya Alhamisi?”

Nje, foleni ya dirishani, lililofunguliwa hata Jumapili kwa sababu fomu zilikuwa zimerundikana, ilikuwa imeanza kupandisha sauti. Msichana mpya aliyewekwa mahali pa Nasteha alikuwa hajui fomu zilipo. Kadar alisikiliza kelele hizo kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili.

“Abdille ni mtu wa kelele na nyundo,” alisema hatimaye. “Anasahau.”

“Abdille anaweza kusahau. Na dereva wa Elwak, aliyetoa salamu pamoja nawe?”

Kadar alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

“Dabarey ilikuwa ofisi yako,” Ilwad aliendelea. “Friji ilikuwa yako, kufuli lako, funguo zako mbili. Ulikabidhi mmoja. Leo mfugaji wa Dabarey akitaka chanjo anatembea siku mbili. Ulisema kwenye kila mkutano kwamba hili halitafaa, na kila mkutano walikupigia makofi na hawakukusikia. Sidhani ulitaka kuua mbuzi.”

“Hizo ni dhana, Inspekta.”

“Ni dhana. Basi tuache dhana, tubaki na jambo unalolijua kuliko mimi.” Ilwad alivuta kiti kikasogea karibu na meza. “Nipe jibu moja kati ya mawili. Kama hukutoka Modogashe, basi ulisimama mbele ya watu, ukaikata sala iliyokuwa wajibu wako kuikamilisha, ukageuka, na ukiwa bado umekaa kwenye mkeka ukawaambia uongo. Nitaliandika hivyo, na mashahidi wakiniuliza nitawaambia. Kama hukuwadanganya, basi siku ile ulikuwa safarini, umetoka nyumbani kwako. Na nyumbani kwako ni hapa.”

Mutinda hakuandika. Alikuwa ameshika kalamu hewani.

Kadar alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau humo. Ilwad alijua anachokipima. Kwa kumdanganya polisi mtu huenda jela. Hilo la pili, kudanganya kwenye sala, Kadar hakuwa na pa kulipeleka.

“Andika,” Kadar alimwambia Mutinda. “Alhamisi ile nilikuwa msafiri.”

Kalamu ilishuka.

“Nilifungua mfuniko tu,” alisema. “Nilikaa humo ndani na mlango nimeurudisha, natoka jasho, naomba mtu aje anikute. Hakuna aliyekuja. Hamna mlinzi, hamna mtunza stoo, hamna mtu. Hilo tu lingetosha kuwaonyesha. Lakini nilijua kile kidude kinasomwa kila jioni. Ni sheria, mimi ndiye niliyeiandika tulipokuwa Dabarey. Nilijua Nasteha atakisoma, ataona joto, atapiga kelele, chanjo itamwagwa, na wakubwa watauliza inakuwaje chanjo za wadi tatu zinaharibika kwa mfuniko mmoja. Nilitaka chanjo imwagwe. Sikutaka ifike kwa mbuzi.”

“Lakini hakukisoma.”

“Hakukisoma.” Sauti yake ilivunjika. “Nilirudi baada ya siku kumi, wameshachanja. Ningesema siku ile ile, mbuzi wangechanjwa upya. Nikaogopa. Kila siku nikasema kesho.”

“Na msichana?”

“Na msichana nikasema kesho.”

Ilwad alimchukia wakati ule, kwa sababu alikuwa amemwelewa. Alimwomba ufunguo. Kadar aliutoa mfukoni, akauweka mezani, na Mutinda akautia kwenye bahasha na kuandika saa.

* * *

Alipiga simu Garissa akiwa amesimama kwenye kivuli cha jengo. Koplo wa zamu alilalamika kidogo kuhusu utaratibu wa Jumapili, kisha akakubali kumleta Nasteha kwenye simu. Ilisikika milango, kikohozi, halafu sauti ndogo.

“Eeddo Ilwad?” alimwita, kwa heshima ya shangazi.

“Kesho hutasimama kizimbani. Nimempata aliyefungua mfuniko, na amekiri. Mama yako nampitia sasa hivi, nitamfikisha kisimani mwenyewe.”

Nasteha hakulia.

“Alifungua Alhamisi?” Nasteha aliuliza.

“Alhamisi asubuhi.”

“Jioni ile nilikuwa napanga fomu za basari. Zilikuwa mia mbili na kumi, na mkurugenzi alizitaka Ijumaa. Kidude sikukisoma, eeddo. Ijumaa pia sikukisoma. Siku zote zile sikukisoma, na Jumatatu nikawapa wachanjaji zile chupa kwa mkono wangu.”

“Najua.”

“Kwa hiyo si mimi niliyeua mbuzi?”

Mutinda alikuwa anamngoja kwenye gari, mlango wazi. Dirishani mtu mmoja alikuwa anapiga kioo kwa ufunguo, akiuliza kama humu ndani kuna mtu.

“Si wewe,” alisema Ilwad. Tangu aianze kesi hii, hilo lilikuwa jambo la kwanza kulitamka bila kuwa na hakika nalo.